Mnyama Wako Wamemtia Kiwele

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini hukunilea nianze maneno na mzee bila salamu. Nakuandikia nikiwa na hasira, na afadhali niseme mapema kwamba hii si barua ya kukulilia. Kulia nilishalia. Leo nina kinyaa tu.

Juma lililopita Kateri, yule mwenye baa uliyemjengea mnyama kando ya barabara kuu pale Same, aliniita. Nilipofika nikamkuta mnyama wako ana kiwele. Ndiyo, Baba, kiwele cha ng'ombe, cha saruji, kimebandikwa kati ya miguu ya mbele, kana kwamba aliyekitengeneza hajawahi kuona ng'ombe wala mbuzi maishani mwake. Chuchu nne kama karoti. Na saruji yenyewe mchanga mtupu, ukiigusa inamong'onyoka mkononi. Nikasogea pembeni kutema mate.

Mnyama yule, mimi na wewe tunajua alikotoka. Alitoka kwenye dagaa. Miaka ile ya dhiki, sabuni ilipokuwa ya foleni na saruji ya kibali, hata karatasi ya kufungia bidhaa ilikuwa adimu. Mama mmoja mwenye genge pale Gonja akapata vitabu vya msaada vilivyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, akawa anavichana kurasa na kufungia dagaa. Siku moja ulifungua fungu mezani ukaona mnyama mwenye shingo ndefu kuliko mgomba. Uliwasogeza dagaa kwa kiganja, ukainyoosha ile karatasi, ukaitazama mpaka chai ikapoa. Kisha ukasema, "Huyu hakuumbwa kwa haraka."

Tangu siku hiyo tulikula dagaa mpaka tukachoka. Mama akakuuliza, "Baba Nakijwa, hivi hapa tunakula dagaa au tunakula picha?" Ulikuwa unaanika kurasa kwenye kamba pamoja na nguo, ili harufu ipungue. Haikupungua. Hadi leo mapenzi yangu kwa wanyama wa kale yananuka dagaa, na sioni aibu. Na kwa kuwa yule mama alichana bila mpango, tulipata kichwa bila mwili, mkia bila mwenyewe, ndege mwenye meno aliyekatwa miguu, tembo wa manyoya nusu. Sehemu zilizokosekana tulizibishania mimi na wewe. Ulinisikiliza kama vile nilikuwa mtu mzima mwenzako, na mimi hata darasa la saba sijafika.

Kisha mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mkonge, mwenyeji wa kule kusini, akakusimulia kwamba mifupa ya wanyama wa namna hiyo ilichimbwa Lindi wakati wa Mjerumani, ikabebwa vichwani mpaka pwani, ikapelekwa kwao. Jioni ukasema, "Wamechukua hata waliokufa kabla yetu." Nadhani ndiyo siku ulipoamua kwamba lazima mmoja arudi.

Ulianza na tope. Siku za msaragambo, kijiji kizima kikisafisha bwawa la ndiva ili maji ya mashamba yapate pa kukaa, wenzako walitupa tope ukingoni wakaenda zao kunywa togwa. Wewe ulibaki nalo, na mimi nikabaki na wewe. Kiwiliwili kilisimama vizuri, miguu ilisimama, lakini shingo ilianguka kila mara. Ulicheka ukaniambia kosa si la mnyama, ni la tope. Ulitaka nondo na saruji, na katika miaka ile nani angekupa kibali cha kujenga mnyama aliyekwisha kufa?

Mambo yakaja kufunguliwa. Ikawa ruksa hii na ruksa ile, malori ya mitumba yakashuka Same, saruji ikauzwa dukani kama chumvi kwa aliye nacho. Kateri akajenga baa, akakuita umtengenezee simba wa kuvutia madereva. Nilikuwepo, nimeshika mwiko wangu, maana ulikuwa umeshanifundisha kupiga plasta na wanaume walikuwa wameshachoka kunicheka. Ukamwambia, "Simba yupo kila mahali, hata kwenye kanga za wake zetu. Mimi nitakupa asiyekuwepo popote." Kateri alikubali kwa sababu hakukuelewa.

Tulikunja nondo mimi na wewe, tukavisha waya wa kuku, tukaanza kukandika. Upepo wa Same ulituletea vumbi kwenye plasta mbichi, ukawa unalipangusa kwa upande wa mkono kama unampangusa mtoto mafua. Shingo ilisimama. Siku tuliyoondoa boriti zilizoishikilia ulivuka barabara, ukasimama upande wa pili, ukamtazama tangu adhuhuri mpaka jua linaelekea kuzama, mabasi yakikupita mbele. Sijawahi kukuona mzuri kama siku ile.

Na hapo ndipo uchafu ulipoanza. Walevi waligeuza miguu yake ya nyuma choo. Mifupa ya mbuzi ikatupwa chini ya tumbo lake, mbwa wakahamia hapo. Bango la bia likafungwa shingoni kwa waya. Wewe uliyekuwa hugusi pombe, kila ukiteremka Same ulikwenda na ndoo na brashi ukaosha mikojo ya watu wenye akili zao timamu. Nakumbuka yule kijana wa stendi aliyekuuliza, "Mzee, unamwogesha mjusi?" Ukamjibu bila kugeuka, "Naosha kazi yangu, mwanangu. Na wewe ukipata yako utaiosha." Mimi ningempiga na ile brashi. Wewe ulikuwa na moyo wa kuvumilia washenzi, mimi huo hukunirithisha.

Ulipougua kifua na kutuacha, nikawa nakwenda mimi na ndoo, mara chache, nikirudi kila safari nimekunja uso. Halafu akaja mhubiri wa mkutano wa hadhara, akapanda jukwaani akasema pale kwa Kateri pamesimama joka la Ufunuo. Watu wale wale waliomkojolea wakaanza kumwogopa. Biashara ikalegea. Kateri akakata shauri: mnyama ageuzwe ng'ombe, baa iwe ya nyama choma.

"Ng'ombe hana lawama," aliniambia, ameegemea lile goti ulilolirudia mara tatu kwa sababu halikukuridhisha. "Kiwele tumeshaweka. Sasa shingo ikatwe, tumwekee kichwa kifupi na pembe. Wewe ndiye unayejua nondo zilipopita, binti wa fundi. Fanya kazi ulipwe."

Nilimtazama yule mtu na meno yake, nikaona kinyaa kama nimekanyaga kitu. Kilichonichukiza zaidi ni kwamba alisema kweli. Mwingine akikata bila kujua nondo zilipo atapiga nyundo ovyo, na kichwa kitakuwa kokoto. Na kazi naitaka, Baba, mwaka huu hakuna anayejenga. Nikamwambia anipe siku mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja tu: nikate, au nimwache akatwe na mpumbavu?

Jibu nilipewa na bibi, mama yako, aliyelala chini ya ardhi kabla yako. Aliwahi kunisimulia, kwa sauti ya chini ili wazee wa kanisa wasisikie, jinsi Wapare wa zamani walivyofanya. Mzee akishakaa kaburini miaka ya kutosha, watu wake walikifukua kichwa chake, wakakipeleka msituni penye vichwa vya ukoo, asikae peke yake mbali na wenzake. Nilipokuwa msichana nilisikia kinyaa. Niliuliza, mtu anashikaje fuvu la baba yake? Bibi akasema, "Anashika kwa mikono miwili."

Jumamosi nikashuka na msumeno wa chuma na tindo. Nilimwambia Kateri malipo yangu ni kichwa. Akacheka, "Chukua, cha nini kwangu?" Nilipanda ngazi nikapasua plasta pale tulipounganisha nondo mimi na wewe, nikakata moja moja, taratibu. Vijana wawili walishika kamba. Kilishuka kizima, hata mdomo haukumeguka. Kisha nikafunga vifaa vyangu kwenye gunia.

"Na kichwa cha ng'ombe?" Kateri akauliza.

"Uliniambia shingo ikatwe. Imekatwa. Ng'ombe mtafute aliyeweka kiwele."

Alinitukana. Lori lililoleta tangawizi sokoni lilikuwa linarudi milimani tupu, dereva akanipakia. Aliuliza mzigo ni nini, nikamwambia ni wa marehemu baba, akazima redio mpaka Gonja. Mimi nilikaa nyuma nimekishika kichwa kwa mikono miwili, kisigonge bodi kwenye mashimo.

Nilitaka kukiweka kando ya kaburi lako. Jirani yetu mzee wa kanisa akaja kabla hata sijapumzika. "Nakijwa, mambo ya mafuvu tuliyaacha. Unataka kuturudisha wapi?" Nikamwambia, shikamoo mzee, hiki ni saruji na nondo kama mnara wa kanisa lenu. Akaondoka akitikisa kichwa. Ninachukizwa na wote, Baba. Kateri, na mhubiri wake, na huyu naye anayelinda kaburi lisitembelewe. Leo wananiambia kule Same wamempata fundi wa pembe, na wageni wanapiga picha na yule ng'ombe mwenye mkia wa kufika barabarani. Sishuki kumwona. Nikishuka nitapitia upande wa reli.

Mama alikuwa amekaa mlangoni muda wote huo. Jirani alipokwisha kuondoka, akainuka, akakitazama kile kichwa kwa muda mrefu, akasema, "Masika yanakuja. Kitalowa. Kiingize ndani." Nikauliza nikiweke wapi. Akanionyesha chumbani kwenu, upande wako.

Mama, unamjua, katika maisha yake yote sijawahi kumsikia akimtukana mtu, hata kuku. Asubuhi ya leo napita na maji nikasikia anaongea, nikachungulia. Alikuwa anatandika kitanda, amekipa kichwa mgongo, anazungumza polepole kama anavyozungumza akiwa anakunja nguo.

"Yule Kateri ni mshenzi, Baba Nakijwa," alisema. "Nilitaka kukwambia tangu siku nyingi."

Mimi binti yako, niliyekushikia nondo.