Kuvuka kwenda kwa Mwanaupe

Hasna mjukuu wangu,

Kabla ya alfajiri kifuniko cha sufuria kiligongagonga taratibu, nikajua uji wa Mwanaupe umeiva. Nikampelekea ng'ambo ya barabara. Wako umo kwenye chupa. Samaki wale sato nimewatia chumvi, wafunike.

Najua ulinikataza kuvuka peke yangu tangu magari yaanze kupita pande zote mbili. Nilikosea. Miaka yote nilikuwaga naangalia upande wa sokoni tu, na leo nikaangalia huko huko. Bajaji ikatokea upande wa ziwani. Dereva akasimama, akashuka, akanishika mkono: "Pole bibi, hata mimi nasahauga." Ukungu ulikuwa umeshuka, taa zinakuja huku na huku polepole, kama watu wanaopishana wakisalimiana. Sikuogopa.

Sasa narudi kumchua Mwanaupe mguu uliovunjika. ~~Usinifuate.~~ Nifuate saa nne, univushe. Usinigombeze mbele yake.

Alfajiri nilipoaga alinishika kanga, hakuiachia. Akasema, "Mimi siwezi kuvuka. Uje tena, mwenzangu."

Bibi yako