Mama Chai Hatupi Dadu

Jumamosi, baada ya Alasiri. Joto limekaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga, na mimi nimenuna. Msiniulize kwa nini. Nitasema mwenyewe.

Kwa kawaida ninayoyaandika humu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, mjukuu wangu Riziki huyapitia kwanza akaninyooshea herufi, kwa kuwa mimi darasa la nne ndiko nilikoishia. Leo hapitii. Mkiona makosa, yasomeni hivyo hivyo. Mwenye kosa kubwa ni yeye.

Mnaonisoma mnajua nilifanya kazi ya chai katika ofisi moja hapa Malindi, miaka kumi na tisa. Ofisi gani, hayawahusu. Niliingia kila chumba na sinia langu na hakuna aliyenyamaza kwa sababu yangu. Watu hunyamaza akiingia mtu. Mimi nilikuwa vikombe vinavyotembea. Nani atahamishwa nilijua kabla barua haijapigwa chapa, maana bosi akichoka na mtu alikuwa akiniambia, "Huyo mpe kile kikombe chenye ufa."

Riziki naye sasa yuko ofisini, ofisi nyingine, mwaka wa pili. Yeye na wenzake wawili wametunga mchezo wa mezani wa kuicheka kazi yao. Si karata, si ludo. Kila mtu anapewa kadi ya mtu wa ofisini, anakuwa mtu huyo, anasema kama yeye, na mambo yakimbana anatupa dadu kujua kama atasalimika. Mmoja hana kadi. Anakaa kichwani mwa meza na kusimulia yanayotokea. Mchezo wameuita Idara ya Mengineyo. Mna koti lililotundikwa kitini ambalo linapokea wageni wengi kuliko mwenye koti. Mna faili linalotembea mpaka linapotea. Mna kikao cha kupanga kikao. Ijumaa ijayo wanaupeleka Watamu, kwenye mkahawa mmoja ambako watu hukusanyika kucheza michezo ya namna hiyo.

Na yote yametoka kwangu. Koti ni langu, faili ni langu. Miezi miwili Riziki amekaa nami jikoni tukiambua mbaazi, anauliza, namjibu, anaandika. Nikajiona mtunzi. Nikawaringia hata majirani.

Nikajisahau. Siku moja nikamwambia na la sukari.

Leo wamekuja kuujaribu hapa kwangu, sebuleni. Riziki kichwani mwa meza. Salma, msichana wa masijala, akawa bosi. Kazungu, karani mrefu wa Kakuyuni ambaye huniamkia kwa adabu mno, akapewa kadi ambayo mimi sikuwa nimeonyeshwa. Nikawaacha nikaenda kuwapikia chai. Mazoea hayana dawa.

Natoka na sinia, nasikia vicheko. Kazungu amesimama katikati ya sebule yangu, leso yangu kiunoni, anachechemea. "Oo, magoti yangu, magoti!" Huku anajitia vitu kifuani. "Kijiko cha bosi, kilo ya watoto! Kijiko cha bosi, kilo ya watoto!" Salma machozi yanamtoka. Riziki kajiziba uso kwa karatasi na mabega yanamtikisika. Kadi iko mezani. Nikaisoma nikiwa nimesimama, maana kusoma najua. MAMA CHAI. Nguvu: masikio. Udhaifu: sukari.

Riziki akainua uso akaniona.

Nikatua sinia. Nikamwambia Kazungu, "Umekosea."

"Samahani nyanya, tulikuwa tunacheza tu..."

"Si kifuani, mjinga wewe. Kifuani sukari italowa jasho kabla hujashuka ngazi. Inafungwa kwa gazeti, inawekwa chini kabisa ya kikapu, juu yake matambara ya kupangusia. Nani atatia mkono kwenye matambara ya jikoni?"

Kazungu akaondoa mikono kifuani.

Ndiyo, nilichukua. Kila Ijumaa, vikombe viwili hivi, kwa miaka. Nilikuwa na watoto wanne, na mume ambaye kazi yake ilikuwa ya msimu kwa msimu. Sisemi ili nihurumiwe. Atakayenihurumia asirudi kusoma hapa. Nasema kwa sababu mtaa mzima unajua kwamba niliacha kazi kwa ajili ya magoti. Marehemu mume wangu alikufa akijua hivyo. Magoti yangu hayajaniuma hata siku moja. Miaka kumi na moja nimechechemea kulinda uongo, na nje ya ofisi ile aliyeujua ukweli ni mmoja tu, niliyemlea kwa mikono hii. Naye kautia kwenye kadi.

Nikamwambia, "Ondoka kitini."

Akaondoka. Nikakaa mimi kichwani mwa meza.

"Saa kumi na moja imegonga," nikasema. "Ofisi inafungwa. Kila mtu apite langoni."

Wakatazamana. Katika mchezo wao mzima hamna lango. Wameweka hata choo chenye kufuli na ufunguo uko kwa bosi, lakini lango wamelisahau. Wasomi hao.

"Salma, wewe ndiwe bosi. Unatoka na nini?"

"Natoka na gari, nyanya."

"Na kwenye buti?"

Akafikiri, akachangamka. "Mapazia mapya ya ofisi. Na karatasi za kupigia chapa, maboksi mawili, watoto wana mitihani."

"Askari anakupigia saluti. Pita. Riziki, wewe karani. Una nini?"

Hakunitazama. "Kalamu. Na chaja ya ofisi."

"Zimo mkobani, na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Pita. Kazungu."

"Mimi natembea kwa miguu, nyanya."

"Askari anasema, fungua kikapu."

Akanyoosha mkono kuchukua dadu.

"Iache hapo."

"Lakini kanuni ni kwamba mtu akibanwa anatupa..."

"Mama Chai hatupi dadu. Atokaye kwa miguu kikapu chake hufunguliwa kila siku ya Mungu. Kubahatisha ni kwa wenye magari. Fungua."

Hakufungua. Alibaki amesimama na leso yangu kiunoni, na safari hii hakuwa akiigiza.

Basi nikawapa wasiyoniuliza. Askari wa zamani alikuwa akitazama juu juu, tunasalimiana, napita. Akaja mpya, ana bidii ya wapya, akatia mkono mpaka chini. Sukari akaimwaga juu ya gazeti pale pale langoni, wakati watu wanatoka, wanairuka kama wanaoruka uchafu. Bosi akafika na gari lake. Akateremsha kioo. Akasema, "Mama, umenivunja moyo. Jumatatu usirudi."

Na mapazia ya ofisi yalikuwa nyuma yake, kwenye buti. Niliyapeleka mimi, saa nane mchana, kwa amri yake. Niliyakunja vizuri yasije yakapata makunyanzi.

Sikusema.

Ulimi huu unaowakaripia nyinyi kila wiki, siku ile ulilala kama samaki wa juzi. Nilisema, "Nisamehe, bwana." Hilo ndilo linalonikereketa. Sukari nimeshamlilia Mola wangu, na Yeye ni mwingi wa kusamehe kuliko binadamu. Lakini lile neno, nisamehe bwana, nimelitema mara ngapi na bado liko mdomoni.

Wageni waliondoka mapema. Mahamri hawakuyagusa. Kazungu aliikunja leso yangu, akaiweka kitini, akaaga kwa sauti ndogo. Salma akasahau kuaga.

Riziki akaja jikoni. "Nyanya, kadi hiyo nitaitoa."

"Huitoi. Ukiitoa utakuwa umenifukuza mara ya pili."

"Basi nitoe sukari."

"Sukari ibaki. Tia lango."

"Lango litauharibu mchezo, nyanya. Watu wanakuja kucheka."

"Wacheke mpaka langoni."

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilimwambia kwamba angeniomba ruhusa ningekataa, naye alilijua hilo, ndiyo maana hakuomba. Huo nao ni wizi, tena wa mtu mwenye mkoba begani. Akasema yeye hakufikiri ningeumia, alidhani ni hadithi ya kuchekesha kwa sababu nilimsimulia huku nacheka.

Hapo kanikamata. Nilicheka kweli. Mtu na aibu yake, akiisimulia kwa mara ya kwanza, atafanya nini kingine?

Lakini sikumkubalia. Hajui kuwa kanikamata, na kwa kuwa leo hapitii, hatajua mpaka asome na nyinyi.

Baadaye akaniletea chai. Nikaonja. Haina sukari.

"Imekwisha, nyanya. Wageni wameimaliza." Akatazama chini. "Naona haya kwenda kuinunua leo."

"Toka mbele yangu," nikamwambia. Nikavaa buibui langu nikaenda mwenyewe.

Nafika mlangoni, mguu wa kushoto ukaanza kuchechemea peke yake, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Nikaukaripia. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza upya. Nikapita wima mbele ya baraza ya Bi Zuhura, jirani ambaye toka mimi niache kazi haachi kunipa majani ya kuchua.

"Lo! Magoti yamepona, dada?"

"Hayajaniuma kamwe."

Nikashika njia ya dukani. Nikanunua kilo moja, nikarudi nayo mkononi, nimeishika juu kila mtu aione. Bi Zuhura alikuwa bado pale, na safari hii alikuwa na mwenzake. Kufika kesho mtaa wote utakuwa na maneno yake, ndiyo maana nimeona myapate kutoka kwangu kwanza, bila chumvi. Sukari ninayo.

Chai nimekunywa, vijiko vitatu.

Riziki sijamsamehe. Yuko sebuleni anakata kadibodi, nasikia mkasi. Nimechungulia mara moja, nikajifanya natafuta miwani. Anatengeneza lango, na limemkalia upande.

Ijumaa nakwenda Watamu pamoja naye, apende asipende. Kichwani mwa meza akae yeye, mchezo ni wake. Langoni nasimama mimi. Atakayecheza aje na mkoba wake.