Niachie Mistari ya Kando ya Mfereji

Karagita, Jumapili, mwezi wa nane. Huu ni msimu wa pili wa mahindi tangu niwafikishe nyumbani Kimilili, wewe na mtoto, nikageuka kesho yake kabla umande haujakauka.

Mpendwa Mama Nekesa,

Simu yangu huchukui, na sikulaumu. Mara ya mwisho uliniambia, "Baba Nekesa, usinipigie kuniambia nyumba inakaribia kuuzwa. Nipigie ukiwa kwa steji ya basi na begi mkononi." Halafu ukakata. Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, niliachia shule darasa la saba, kwa hivyo soma polepole.

Unakumbuka Jumapili zetu hapa, tulipokuwa sote vibarua wa kukata maua? Tulitoka kanisani tukapitia ile barabara yenye nyumba za wenyewe, tukawa tunachagua. Mimi nilitaka ya ghorofa. Wewe ulisimama kwenye ua, viatu vimejaa vumbi, ukasema, "Ghorofa ya nini? Mimi nipe jikoni kuna dirisha, nione anayekuja." Askari wa geti akatuuliza, "Nyinyi mnanunua ama mnapita?" Ukamjibu, "Tunapita. Bei tumeikataa." Alicheka mpaka akashika geti.

Hayo maneno yako ya dirisha ndiyo ninayouzia nyumba siku hizi. Yule dalali, boss wangu, akinipa mteja, simpeleki sebuleni. Nampeleka jikoni, nafungua dirisha, nanyamaza. Asubuhi nafyeka nyasi kwenye ploti, mchana navaa shati langu la harusi naonyesha nyumba. Nilidhani kuongea ni kazi nyepesi kuliko jembe. Jembe likikuchosha unalala. Kazi hii inakuchosha na bado hulali.

Nyumba ambayo haijauzwa haina kiti. Natembea humo chumba hadi chumba, nafungua bomba maji yasioze, nafuta vumbi madirishani, narudi mlangoni kuangalia kama kuna gari linakata kona. Sasa mwili umezoea. Hata hapa chumbani kwetu nakula nimesimama.

Kuna nyumba ya upande wa Mai Mahiu ilikuwa imepata mtu kabisa. Siku ya kuja kumaliza maneno, akazunguka nyuma ya tangi, akaona ufa wa ardhi ulioachwa na mvua. "Bwana, huu ufa unaelekea wapi?" Nikamwambia ukweli, unaelekea barabarani. Akasema, "Basi hata mimi naelekea barabarani." Hajarudi. Yuko mwingine anafanya kazi ng'ambo. Ndugu yake huja na simu, nami naibeba kila chumba ili yeye aone akiwa huko. Kila mara anasema mwezi ujao. Nimemwonyesha choo kile kile mpaka nakionea haya.

Lakini ile iliyonivunja ni ya Gilgil, ile niliyokupigia nikikwambia uanze kuniangalia njiani. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wanauza shamba dogo na nyumba wahamie Nakuru kwa mtoto wao. Mnunuzi ni mwalimu, mtu mpole, alikuwa tayari. Huku shamba haliuzwi mpaka mume na mke wasimame mbele ya bodi ya ardhi, na mke aulizwe, ajibu kwa mdomo wake. Tukaenda. Mwenyekiti akauliza, "Mama, umekubali mzee auze?"

"Nimekubali."

Nikapumua. Nilikuwa tayari kwa basi, Mama Nekesa, kichwani nimekaa kiti cha dirishani.

"Lakini mahindi ni yangu," akasema. "Yatoke kwanza shambani."

Watu wakacheka. Mzee akamnong'oneza kwa sauti ambayo sote tulisikia, "Si mwalimu atakulipa hayo mahindi?"

"Nimeyapanda na mgongo huu, wewe ukisikiliza redio. Sikuyapanda nilipwe. Nataka kuyavuna."

Bodi ikaahirisha. Mwalimu alikuwa anatakiwa atoke kwenye nyumba yake ya kupanga, hakuweza kungoja. Akanunua kwingine. Ikaishia hapo.

Nilimfuata yule mama nje nikiwa na hasira. "Mathe, kwa nini hukuniambia mapema? Si nimekuwa nikija kwako?"

"Umekuja, ukanywa chai yangu, ukapita katikati ya hayo mahindi ukiongea na mzee. Uliniuliza ni ya nani?" Akaniangalia viatu, akaniangalia uso. "Kwenu hakuna mahindi?"

"Yapo."

"Anavuna nani?"

"Mama watoto."

"Na nani?"

Akainua sketi yake kwa ajili ya matope akaenda zake.

Tangu siku hiyo situlii. Nikifungua dirisha la jikoni la mtu nakuona wewe unavunja mahindi, Nekesa amebeba mawili matatu nyuma yako, anaanguka nayo. Boss ananiambia nivumilie, kuna mteja wa Nakuru wiki ijayo. Huyo mteja wa Nakuru amekuwa wa wiki ijayo tangu baridi ianze.

Nilikuahidi nikiuza nyumba moja tu, nitakuja kukujengea jikoni yenye dirisha. Sijauza. Nimekuwa nikiwaza hivi: ukuta wa jikoni yetu ni wa udongo. Kuutoboa kunataka panga na mtu. Fremu ya mbao nimepata kwa fundi wa hapa, ilibaki kwenye nyumba moja, ni ndogo lakini imenyooka. Nimeifunga na blanketi. Nyumba za wenyewe acha zikae.

Barua hii nampa Wafula, jirani yetu wa hapa, anayesafiri kesho. Muulize, atakwambia ameiona fremu kwa macho yake, maana maneno yangu yamekuchosha.

Anza kuvuna, usiningoje, mvua isiyaoze. Ila ile mistari ya kando ya mfereji niachie. Nafika Jumamosi hii, asubuhi, na basi la usiku. Nitakupigia nikiwa kwa steji, begi mkononi na fremu kwapani. Siku hiyo chukua simu.

Ni mimi wako,
Baba Nekesa