Bati la Nne

Papa,

Umelala nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na si kwenye makaburi ya kanisa. Nianze na hilo, maana Mama hatakuambia hata akija kupalilia juu yako. Siku uliyokata roho Mzee Gabrieli wa kanisa alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi, uso umekunjwa kwa huruma kama mtu anayeumwa jino. "Mama, pole sana," akasema. "Lakini mwizi hatuwezi kumuzika pamoja na watu ya Mungu." Ndugu zako watatu wa maombi wakakuchimbia wenyewe. Unayajua mawe yetu ya Goma. Walipinda mtaimbo mmoja, wakaazima mwingine kwa jirani, wakamaliza siku ya pili.

Mwizi! Aliyesema hivyo ana mabati sita ya bwana wa pareto juu ya nyumba yake hapa Keshero, mliyoyaiba pamoja mlipokuwa mkijenga nyumba za kukaushia maua kule Kibumba. Wewe manne, yeye sita. Nyani haoni kundule. Kila mvua ikinyesha nayasikia mabati yake yakipiga kelele, nasi tumejikunyata chini ya majani yanayovuja.

Na wewe pia nakukasirikia, Papa. Niache niseme. Ulitubu katikati ya mvua, ukaamua kumrudishia bwana mabati yake. Hukuweza kungoja kiangazi? Mama alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Wewe ukapanda juu ya nyumba huku unaimba, ukang'oa misumari mmoja mmoja, ukainyoosha kwa jiwe, ukaifunga kwenye kitambaa kwa sababu nayo ni ya bwana. Majirani wakajaa uwanjani. "Papa Zawadi amepata wazimu!" Niliona aibu mpaka nikatamani kuitwa Zawadi wa mtu mwingine.

Alfajiri, ulipokuwa unanawa uso, nilichukua bati moja na misumari michache nikavificha chini ya mabua ya maharage. Uliporudi ukaliangalia rundo. Halafu ukaniangalia mimi. Nilikuwa nachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Ukasema, "Zawadi, kila mutu atatubu yake." Ukajitwisha yale matatu, ukashika barabara ya Rutshuru kwenda Kibumba.

Ungesema matatu, Papa! Bwana yule hakujua hata kama ameibiwa. Nani alikutuma useme manne? Ndugu aliyekusindikiza alitueleza yote. Ulisimama mbele ya bwana na askari wake ukasema, "Bwana, nilibeba ine. Tatu ni hizi. Ile ingine iko, lakini sitasema iko wapi. Na wenzangu sitawataja." Wakakulaza chini. Kila fimbo iliposhuka waliuliza bati la nne liko wapi, wenzako ni nani, nawe ukawa unamwita Yesu. Bwana akacheka, akasema basi huyo Yesu ndiye amelificha.

Saa hiyo mtoto alikuwa amelala mkavu. Nilikuwa nimelipigilia bati kwenye paa, juu ya kitanda cha Mama, na kulifunika kwa majani lisionekane. Mama aliliona, akasogeza kitanda sawasawa chini yake.

Wakakufunga, na gereza likakurudisha ukiwa kikohozi ndani ya koti. Tukakulaza kwenye kitanda kile. Wiki tatu ulilala chini ya bati lile, Papa, na mvua ilikuwa ikiligonga, na majani hayalii vile. Ulisikia. Najua ulisikia. Hukuniuliza hata mara moja, na mimi nilikulisha uji nikitazama pembeni.

Jumapili iliyopita, wakati wa kutubu, nilisimama katikati ya kanisa ili nimtaje Mzee Gabrieli. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatatu. Aliponiona nimesimama alitoa kitambaa akajipangusa shingo. Nikafungua kinywa, na yale maneno yako yakanijia: kila mutu atatubu yake. Yangu ilikuwa juu ya kitanda cha Mama. Nikakaa. Yeye akadhani ameshinda, akatabasamu, nami nikamchukia.

Leo nimelishusha. Mama alikuwa amembeba mtoto. Aliingia ndani akanitolea ngata yako, ile uliyojitwishia yale matatu. Misumari nimeinyoosha kwa jiwe lako. Imenyooka vibaya, mimi si fundi.

Usidhani nimemsamehe Gabrieli. Sijamsamehe. Jina lake sitalitaja kwa bwana, kwa ajili yako tu, na siku nitakapoweza kulitamka bila kutaka kutema mate, nitamwombea. Hiyo ndiyo ahadi ninayoiweza. Mungu wako naye nina maneno naye, lakini hayo tutayamaliza njiani, ni mwendo mrefu.

Lala, Papa. Majani nitakupalilia nikirudi. Naogopa ile fimbo, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Lakini kesho alfajiri naondoka kwenda Kibumba, na nikifika nitalitua bati mbele ya yule bwana nimwambie: Papa yangu alisema kweli, zilikuwa ine. Ya ine ni hii, na mwizi wake ni mimi.

Mtoto wako,
Zawadi