Kuhasi vya Ukubwa Wowote

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ulizaliwa kabla yangu. Sababu nyingine nimetafuta sikupata. Mama hajambo? Ule ukungu wa macho umezidi, au bado anaweza kutofautisha sura ya mtu na ya mbuzi? Na kahawa mmeshachuma, au mnasubiri hawa wanunuzi binafsi wapande mlima wenyewe wakawachumie? Mimi huku Uholanzi ni mzima. Baridi imenipasua midomo, na kazini nina mkuu wangu anayesimama nyuma ya kiti akinipumulia shingoni mpaka nasahau nilichokuwa naandika.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, ingawa katika ukoo wetu wewe ndiye usiyehitaji kuelezwa. Tunatengeneza maktaba ya programu za hesabu, ambayo watu wengine wataitumia kwenye kompyuta zao. Vekta ni orodha ya namba, basi. Mimi nilipewa kipande kinachopokea orodha yoyote na kugeuza alama ya kila namba: chanya iwe hasi, hasi iwe chanya. Cha kwanza nilichoandika kiliishia namba ya tatu. Mkuu akaingiza orodha ya namba saba, nne za mwisho zikatoka zilivyoingia, akawaita wenzangu waje waone. Walicheka kwa adabu. Nikarudia kazi mpaka ikakubali orodha ya urefu wowote, na kwa furaha nikamwandikia Mama.

Kosa langu lilikuwa pale. Neno hasi ulinifundisha wewe, kwa buni zilizoanikwa uani. Nikalifanya kitenzi, nikaandika kwamba kazi yangu ni kuhasi vekta za ukubwa wowote. Nilisahau kwamba wafugaji walishalichukua neno hilo kwa ajili ya madume yao. Wewe hukusahau.

Wazee wanne wa upande wa Zefania walipanda kutoka Usa River kuja kupanga siku ya harusi yetu. Mama akakuomba uwasomee barua yangu, wajue mkwe wao anafanya nini Ulaya. Ulisimama, ukaruka neno vekta kila lilipotokea, penye za ukaweka vya, ukasoma kwa sauti yako ya kanisani kwamba mimi kazi yangu ni kuhasi, kwamba nahasi vya ukubwa wowote, viwili, vitatu, hata elfu, na sibakizi hata kimoja. Mzee mmoja akauliza ni madume ya nini.

"Hajasema, baba," ulimjibu. "Ila anasema hachagui."

Wazee walibana magoti. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mama hakuelewa kinachochekesha, akawa anaagiza wageni waongezewe pombe ya mbege, nao wakaaga wakiiacha kwenye vibuyu. Zefania ameniandikia mistari mitatu. Anasema nyumbani kwao hawataki mke wa kuchekwa sokoni, na kwamba ameshachumbia mwingine huko Kisongo. Nimelia siku mbili kwenye choo cha kazini, maana huku mtu hana pengine pa kulilia.

Ungekuwa ulimtaka Zefania kwa binti yako, ningekuelewa. Ungekuwa na kisasi, ningekuomba radhi. Lakini uliiuza harusi yangu kwa kicheko cha wazee wanne, na hata wao hawakucheka.

Jumapili nilikaa nikakuandika wewe kama orodha. Kaka mkubwa. Mwalimu wa hesabu. Msomaji wa Mama. Nikageuza alama moja moja, kama ninavyolipwa kufanya. Orodha ikigeuzwa haipungui ukubwa, inaelekea tu upande wa pili. Kwa hiyo kiasi nilichokupenda ndicho ninachokuchukia, wala usidhani nimepunguza. Kitu kimoja tu kilinishinda. Nilipofika penye haya yako nilikuta sifuri, na sifuri ukiigeuza inabaki sifuri.

Nisalimie mkeo, ninayemwonea huruma, na mjomba fundi cherehani wa Daraja Mbili, na mama mkubwa wa kwaya. Rebeka, binti wa shangazi, usihangaike kumsalimia. Ndiye aliyekuwa akiwamiminia wageni mbege siku ile, na ndiye aliyenieleza yote. Nimempelekea nakala ya barua hii. Atakaa karibu na Mama unapomsomea, akifuata kwa kidole neno kwa neno, na utakaloruka atalisoma yeye.

Mama, shikamoo. Kazi yangu ni namba tu, sijamdhuru mtu. Aliyeivunja harusi yangu ndiye huyu unayemsikia sasa hivi. Usimkatize, Mama. Mwache amalize, bado jina langu.

Mwanao,
Naomi