Niweke Sahihi ya Mirija Bila Mume Wangu Kujua?

Mpendwa Tantine Simone, naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi Kabondo hapa hapa Kisangani, nashona nguo, nina watoto wanne wote wazima, na mume wangu Hamadi ni seremala, si mlevi, hanipigi, na nikichoka samaki anampika mwenyewe, kwa hiyo usifikiri nakuandikia kulalamika juu ya ndoa, ndoa yangu inanipendeza, na ndiyo maana jambo hili linanisumbua, kwa sababu nataka kumficha mtu ambaye hajawahi kunificha kitu, angalau ninavyojua mimi.

Kisa ni hivi. Nina uvimbe kwenye kizazi, ule wanaouita fibrome, na tangu mwaka jana damu inanitoka mpaka siku moja nilishuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mbele ya wateja wangu kitenge kimelowa, nikatamani ardhi inimeze. Dawa nimekunywa, majani nimekunywa, mwisho daktari wetu wa wanawake, Docteur Élise, akasema kizazi kitolewe, nami nikafurahi, Tantine, sikufichi, nilifurahi mpaka nikaona haya, maana watoto ninao na damu imenichosha, na Hamadi naye akakubali, akasema afadhali bibi bila kizazi kuliko kizazi bila bibi.

Sasa siku ya kupanga operesheni daktari akaniambia: "Maman, tukisha kutosha kizazi, mirija itabakia bila kazi. Na cancer ya ovaire, kifuko ya mayai, mara mingi inaanzia kule ku mwisho ya mirija. Donc, tukiwa mule ndani, nakuomba tutoshe nayo. Ovaires tunaziacha, ziko muzuri. Lakini sitagusa kitu kama wewe hauyakubali." Akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyekufa na cancer ya ziwa au ya ovaire, nikajibu hapana, na ni kweli, kwetu watu wanakufa na malaria na uzee, mama yangu tu ndiye alikufa kule Ubundu na tumbo la maji, nalo tunajua lilitoka wapi, alitupiwa uchawi na mdogo wake Malika, ndiyo maana tulimfukuza, lakini hayo ni mambo ya ukoo, si ya hospitali.

Mimi nilikubali palepale. Shida ilianza kwenye korido, infirmière, yaani muuguzi, alipomwambia mume wangu, "Papa, bibi yako tutamutosha na trompes," ndiyo mirija kwa Kifaransa, na Hamadi Kifaransa chake ni cha kusikia barabarani, akasikia tromper, kumdanganya mwenzio wa ndoa, akaruka: "Trompes? Nani anamutromper nani hapa?" Watu wote kwenye mabenchi wakageuka kuniangalia mimi. Docteur Élise alitoka akamweleza, "Hapana, papa, iko tuyau mbili kidogo, yai ya mwanamuke inapita mule," na Hamadi akacheka, akaomba msamaha, tukarudi nyumbani vizuri.

Lakini kesho yake rafiki yake Dady akamwambia mwanamke akitolewa vitu vile anaota ndevu, mwili unapoa, anakuwa kama mzee. Tangu hapo Hamadi amekataa. Ananiambia: "Kizazi sawa, inakuumiza. Lakini kitu iko muzima, unaitosha juu ya nini? Mungu aliiweka bure?" Nami, Tantine, narudi kushona. Operesheni ni Jumanne. Daktari alisema mwili ni wangu na sahihi ni yangu, kwa hiyo nimefikiri niweke sahihi nisimwambie, maana atafungua wapi aone? Lakini tukila pamoja usiku, samaki wangu wote namsogezea yeye. Nifanye nini?

Nuru wa Kabondo (hili si jina langu)

*

Nuru, mwanangu, nilicheka mara moja tu, pale kwenye korido. Unisamehe.

Kwanza nikupe pongezi. Umepata mume anayepika samaki na daktari anayeomba ruhusa. Wanawake wengi wanaoniandikia hawana hata mmoja wa hao wawili. Kwa hiyo futa machozi, tuzungumze.

Sahihi ni yako. Mwili ni wako, na Hamadi hawezi kukukatalia, wala Dady, wala mimi. Lakini usiiweke kwa siri. Mji huu siri haikai. Infirmière ana dada, dada ana meza ya mboga ya pondu sokoni, na kabla jeraha halijakauka Hamadi atasikia kutoka kwa muuza makaa. Akisikia hivyo, neno lile aliloruka nalo kwenye korido litakuwa kweli, na wewe ndiye utakuwa umelifanya kuwa kweli. Hilo sitaki.

Halafu, mumeo ameuliza swali zuri. Kitu kizima kinatolewa kwa nini? Hata mimi nilitaka kujua, nikampigia simu daktari mmoja wa wanawake ninayemwamini. Alinieleza kwa subira, nami nakueleza. Hakuna daktari mwenye akili anayempasua mwanamke asiye na hatari ya pekee ili kutoa mirija tu. Lakini tumbo likiwa tayari limefunguliwa kwa sababu nyingine, na mama amemaliza kuzaa, wanapima: mirija haina kazi tena, kuitoa kunaongeza muda kidogo tu mezani, na kunapunguza sana hatari ya kansa ambayo haipigi hodi, inayokuja kugundulika imeshachelewa. Haiondoi hatari yote, asikudanganye mtu. Na wakifika ndani wakakuta mirija imegandamana vibaya na matumbo, wataiacha, maana kinga haistahili kuumiza. Ovari zinabaki, na ndizo zinazotunza ujana wa mwili. Hizo ndevu za Dady azifuge mwenyewe.

Mwambie Hamadi hivi, kwa lugha ya kazi yake: akiitwa kubadilisha boriti moja iliyooza, akashafungua paa, je, zile boriti nyingine hazipaki dawa ya mchwa eti kwa kuwa bado ni nzima? Anazipaka, kwa sababu paa liko wazi leo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na kuhusu Mungu, Mungu ndiye aliyempa Docteur Élise mikono.

Sasa nakuja pale nilipokasirika.

Umeandika barua ndefu, mirija, ndevu, samaki, kisha katikati, kwa pumzi moja, umepitisha kifo cha mama yako. Tumbo la maji! Daktari alikuuliza swali, nawe ukajibu hapana kwa moyo safi, kwa kuwa yeye aliuliza kwa jina la hospitali na ninyi nyumbani mlikipa jina la uchawi. Nuru, tumbo la mwanamke kujaa maji linaweza kutoka kwenye ini, linaweza kutoka kwenye kifua kikuu, na linaweza kutoka kwenye ovari. Sijui mama yako aliugua nini, wala wewe hujui. Lakini daktari anayeamua akate nini na aache nini, umemnyima neno analolihitaji kuliko yote. Akilijua, huenda mpango ukabaki uleule. Huenda akataka vipimo zaidi, au kuzungumza nawe upya hata juu ya ovari zenyewe, maana kwa mwanamke mwenye ugonjwa huo katika ukoo hesabu inabadilika. Ayaamue akiwa macho.

Basi, usisubiri Jumanne. Kesho asubuhi nenda hospitali, na uende na Hamadi. Usimpeleke kubishana, mpeleke asikie. Mbele yake mwambie Docteur Élise: mama yangu alikufa tumbo limejaa maji, alikuwa na umri huu, alianza kwa kukonda au kwa kuvimba, alilalamika hiki na kile. Mwache Hamadi aulize swali lake la Mungu na ajibiwe na mwenye elimu. Ninavyomsikia kwenye barua yako, mtu huyo akishaelewa atakupa kalamu yeye mwenyewe. Na asipokupa, utaichukua mezani akiona, utie sahihi, na mtarudi nyumbani pamoja. Atanuna siku chache. Kununa hakuui.

Kisha kuna jambo ambalo hukuniuliza. Mama yako mdogo Malika yuko hai? Kama yuko hai, tafuta namba yake leo. Usianze na mambo ya uchawi, anza na shikamoo. Mwambie akapimwe tumbo. Yeye na mama yako walitoka tumbo moja, na katika ukoo wenu mzima hakuna aliyekumbuka kumwambia, kwa sababu mlikuwa na kazi ya kumfukuza.

Tantine Simone