Kidole Kitupu cha Sista Paskalina

Shikamoo, Mama Getruda,

Najua hutaitikia, lakini nisipokuamkia hata kalamu haiendi. Ni mimi Mwanaidi, mwanafunzi wako. Nimekaa kibarazani kwako hapa Ngamiani. Nimeharibu, Mama.

Ile picha ya Sista Paskalina uliyoiacha siku ulipolazwa, niliimalizia mimi. Uso ulikuwa tayari, shela tayari, kidole tu hakikuwa na pete. Masista wote uliowachora wana pete, nikajua maradhi yamekuwahi. Basi mie, mtoto wa Kiislamu, kiherehere kimenijaa, nikamvisha! Nikajiona nimekutendea wema.

Juzi Sista akaja kuitazama. Alipouona ule mkono alikaa chini. Kumbe pete huvaliwa siku ya nadhiri za daima, za kuwa sista maisha yote. Zake ni mwezi ujao, na hajui kama ataziweka. Alikwambia wewe peke yako, siku zile mlizokaa mkinong'ona nikidhani mnasali. "Mama Getruda aliniahidi hataichora mpaka nimwambie," alisema. Yallah, aibu niliyoiona!

Niliifuta kwa tapentaini. Likabaki doa.

Leo asubuhi Mama Mkuu wao kaja naye kuichukua picha. Akainama, miwani puani. "Mbona pete imefutwa?" Sista akatazama sakafu. Nikasema kosa ni langu, mambo ya Kanisa siyajui. Wala sikusema uongo. Mama Mkuu akacheka, akanipa brashi. "Basi ipake tena, binti, mwezi ujao ataivaa."

Mama, brashi mkononi, wote wawili wananitazama. Nilikukasirikia, wallahi, kwa kufa ukaniachia mzigo huu. Kisha nikaiweka chini. Nikasema mwalimu wangu alikiacha kidole kitupu, nami nakiacha hivyo hivyo.

Kicheko kikamwisha Mama Mkuu. Alimtazama Sista weee, mpaka nikaona ananyanyua mkono nikadhani kofi. Kumbe anavuta kiti. "Mwanangu, una nini?"

Nikatoka, nikawafungia mlango. Adhuhuri imeshaadhiniwa na bado wamo ndani. Namsikia Sista analia, na Mama Mkuu hamnyamazishi.

Pumzika, Mama wangu, nimekukumbuka mno. Sista akisema anabaki, nitaipaka pete yake. Akisema anaondoka, nitamchora upya bila shela, na nitamwuliza kwanza anataka akae vipi. Nakuahidi.

Mwanao,
Mwanaidi